Diski Gani Niiamini? Mhadhara Kuhusu Seva ya Kuhifadhi Nyumbani



Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, ninunue diski ya kampuni gani?" Anayeuliza anataka jina moja aende nalo Kariakoo, alipe, arudi nyumbani roho imetulia. Ningependa sana kumpa jina hilo. Lakini jina la kampuni ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote alio nao mnunuzi. Kila diski inaweza kuhojiwa yenyewe: ni modeli gani, inaandikaje, imekwisha fanya kazi saa ngapi, imewahi kushindwa kusoma mara ngapi. Majibu hayo yapo wazi na hayalipiwi. Jioni hii nataka tujifunze kuyasoma.

Kwanza, kwa nini seva nyumbani, wakati kila simu siku hizi inatuambia tuweke picha zetu mtandaoni? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Picha zilizokuwa mtandaoni zilikuwa salama, ila wenyewe hawakuzifikia. Hata nyaya zikiwa nzima, mpiga picha wa harusi anayerudi Jumapili usiku na gigabaiti 200 za video hawezi kuzipandisha kwa bando la simu. Gharama itakula faida yote. Mtu huyo anahitaji mashine yake mwenyewe: kompyuta ndogo, au boksi lenye nafasi 2 au 4 za diski, lililounganishwa na ruta, ambamo kila mtu wa nyumba anaweka na kuchukua faili kwa simu au kompyuta yake. Hiyo ndiyo seva ninayoizungumzia. Na ndani yake, kitu cha gharama kubwa na kinachokufa mapema ni diski.

Diski ya kuzunguka ni mtambo. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Mwaka 1956 IBM ilipotoa mtambo wa RAMAC, diski yake ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na yote ile ilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu leo inaweza kuijaza. Leo tunabeba terabaiti 20 kwenye kitu kinachoenea kiganjani, lakini bado ni chuma kinachozunguka usiku na mchana, na chuma kinachozunguka huchakaa. Kwa hiyo tusiulize kama diski itakufa. Tuulize inakufa kwa kasi gani, na itatukuta tukiwa tumejiandaaje.

Viwanda vina jibu lao. Kwenye karatasi ya maelezo utaona saa milioni 1 kabla ya hitilafu. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka, unapata miaka 114. Hakuna mhandisi anayeamini kwamba diski yako itaishi miaka 114. Takwimu ile inahusu kundi kubwa: ukiwa na maelfu ya diski, karibu asilimia 0.9 zitakufa kila mwaka. Na hata hiyo ni hesabu ya kiwandani. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walikusanya kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Kwa karatasi za viwanda, vifo havikupaswa kuzidi asilimia 0.88 kwa mwaka. Walichokikuta mara nyingi kilikuwa kati ya asilimia 2 na 4, na mahali pengine hadi asilimia 13. Jambo jingine walilolibaini ni kwamba diski za bei kubwa za maofisini hazikuonyesha ubora wa wazi juu ya zile za kawaida katika kasi ya kubadilishwa.

Tuifanyie hesabu nyumba yetu. Chukua asilimia 3, katikati ya kipimo chao. Ukiwa na diski 4 kwenye boksi, uwezekano wa angalau moja kufa ndani ya mwaka unazidi asilimia 11. Ndani ya miaka 5 unakaribia nusu. Kwa hiyo mwenye diski 4 anayesema "mimi sijawahi kupoteza diski" anazungumzia bahati, na bahati hiyo ina tarehe ya mwisho.

Sasa tuje kwenye majina. Mnamo mwaka 2000 hakukuwa na jina zito kuliko IBM. Diski yenyewe wao ndio walioivumbua. Ndipo wakatoa Deskstar 75GXP, diski ya kompyuta za mezani, na ikafa mikononi mwa watu kwa wingi hadi kesi ikafunguliwa Marekani mwaka 2001. Muda si mrefu IBM ikauza biashara yake yote ya diski kwa Hitachi. Sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo pana fundisho. Viwanda vilevile na wahandisi walewale, chini ya jina la Hitachi na baadaye HGST, wakatoa diski zilizokuja kuongoza kwa uimara miaka kumi baadaye. Aliyekimbia ukoo ule kwa sababu ya 75GXP alijinyima diski bora. Na aliyelipenda jina la HGST hana tena pa kulipeleka penzi hilo, kwa kuwa Western Digital iliinunua kampuni mwaka 2012 na jina likaondolewa sokoni. Leo wamebaki watengenezaji watatu tu wa diski za kuzunguka duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba.

Tunajuaje kwamba diski za Hitachi ziliongoza? Kuna kampuni ya California iitwayo Backblaze, inayotunza nakala za kompyuta za wateja. Tangu mwaka 2013 imekuwa ikichapisha, modeli kwa modeli, ni diski ngapi zilizokufa katika mashine zake, na inaachia data zote bure kwa anayetaka kuzikagua. Kwa sasa ina diski zaidi ya 200,000. Siwajui wengine waliotufanyia wema huu kwa kiasi hicho.

Fungueni majedwali yao mtazame modeli mbili za Seagate. Ya kwanza, ST3000DM001 ya terabaiti 3, ilikufa kwa kasi ya kutisha, na mwaka 2016 kampuni ikashtakiwa Marekani kwa sababu yake. Ya pili, ST6000DX000 ya terabaiti 6, ilikaa kazini miaka mingi ikiwa miongoni mwa zenye vifo vichache kabisa katika jedwali. Kampuni ni moja, nembo ni moja, na pengine duka ni moja. Anayeniambia "Seagate mbovu" namuuliza: ipi? Anayeniambia "Western Digital ndiyo yenyewe" namuuliza vilevile.

Lakini majedwali haya nayo yasomwe kwa uangalifu. Modeli yenye diski 60 na vifo sifuri kwa miezi mitatu haijathibitisha kitu. Yenye diski 10,000 na miaka minne kazini imethibitisha. Tazameni safu ya siku za kazi kabla ya asilimia. Kumbukeni pia kwamba diski nyingi za terabaiti 3 zilizokufa pale zilinunuliwa kipindi cha mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011, viwanda vilipofurika na bei kupaa, hadi Backblaze ikawa inanunua ekstano, yaani diski za nje, za madukani na kuzipasua kutoa diski zilizomo. Na mashine zao ziko kwenye kumbi zenye hewa baridi na umeme usiokatika. Nitarudi kwenye hilo.

Naomba sasa tushike diski mkononi na kusoma lebo yake. Chini ya nembo, pembeni ya namba ya mfululizo ya kifaa, kuna maandishi kama WD40EFRX au WD40EFAX. Herufi moja tu ndiyo inayotofautiana. Zote mbili ziliuzwa kwa jina la WD Red, zote terabaiti 4, zote boksi lake likisema ni za seva ndogo za nyumbani na ofisini. Mwezi Aprili 2020 ikafichuka kwamba ile ya pili, EFAX, inaandika kwa njia tofauti kabisa, na boksi halikumwambia mnunuzi.

Njia hiyo kwa kifupi huitwa SMR. Diski ya kawaida, ambayo kifupi chake ni CMR, huandika mistari iliyokaa sambamba bila kugusana. SMR hulaza mstari mmoja juu ya ukingo wa mwingine, kama mabati ya paa, ili mistari mingi zaidi ienee kwenye sahani ileile. Kusoma hakuna taabu. Taabu iko kwenye kubadilisha: ukitaka kung'oa bati moja la katikati, lazima uyainue yote yaliyolalia juu yake. Diski hufanya hivyo kimyakimya, huweka kwanza data mpya kwenye eneo la muda, kisha hupanga upya inapopata nafasi. Mtu anayeweka faili mbili tatu kwa siku hataona kitu. Lakini siku diski moja ya seva ikifa na ukaweka mpya, seva huanza kuiandika ile mpya mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Hapo SMR huelemewa. Kazi ya saa chache huchukua siku nyingi, au seva huishiwa subira na kuitangaza diski mpya kuwa imekufa. Watumiaji wa mfumo wa kuhifadhi faili wa ZFS ndio walioumia zaidi, na ndio waliolipigia kelele suala hili hadi Western Digital ikataja hadharani modeli zake zote za SMR na kutenga jina la Red Plus kwa zile za CMR.

Mimi siichukii SMR. Kwa ekstano ya kuandika mara moja kwa mwezi na kuifungia kabatini, inafaa kabisa, na ekstano nyingi za madukani ndani yake ni hizo hizo. Ila isikae ndani ya seva. Kwa seva, Red Plus ya Western Digital, IronWolf ya Seagate na N300 ya Toshiba zote ni CMR. Barracuda ya terabaiti 4 yenye maandishi ST4000DM004, ambayo bei yake huvutia sana, ni SMR. Andikeni namba ya modeli kwenye simu kabla ya kwenda dukani, na muuzaji akikuletea nyingine akisema "hii ni ileile tu", mrudishie.

Tofauti ya pili kati ya diski ya mezani na ya seva ni subira. Diski ikikuta sehemu isiyosomeka, ya mezani hujaribu tena na tena, wakati mwingine zaidi ya dakika nzima, kwa kuwa inajua iko peke yake na hakuna mwingine mwenye nakala. Ya seva hukata tamaa baada ya sekunde kama 7 na kutoa taarifa, ili seva iichukue data ile kwenye diski nyingine na kuendelea. Ukiweka ya mezani ndani ya kundi la diski za seva, seva inaweza kuona kimya kile kirefu ikadhani diski imekufa, ikaifukuza ikiwa nzima. Kuna pia kipimo cha kazi: za mezani kwa kawaida hupimwa kwa terabaiti 55 za kusoma na kuandika kwa mwaka, za seva ndogo 180, na za vituo vikubwa 550. Familia haifiki hata 55. Kwa hiyo asiwatishe mtu kwamba bila daraja la juu kabisa data zitapotea. Diski za daraja hilo hupiga kelele, hutoa joto, na sebuleni utajuta.

Mama mmoja, mwalimu wa kwaya, aliniletea hoja ambayo wengi mnayo. Alisema diski anazoziona Kariakoo kwa wingi ni zile za kamera za ulinzi, WD Purple na SkyHawk, kwa sababu kila duka sasa linafunga kamera. Je, zinafaa? Jibu langu ni kwamba zinafaa kama chaguo la pili. Zimeundwa kuandika usiku na mchana bila kuzimwa, na hilo ndilo jambo gumu. Hakikisheni tu kwamba modeli husika ni ya CMR, kwa kuangalia karatasi ya mtengenezaji. Bora Purple mpya yenye modeli inayojulikana kuliko Red ya kubahatisha iliyotoka pasipojulikana.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa ya soko letu: diski ilitoka wapi? Mwaka 2021 sarafu ya kidijitali iitwayo Chia ilisababisha watu kununua diski kubwa kwa maelfu, kwa kuwa ilichimbwa kwa nafasi ya diski. Biashara ile ilipofifia, diski zikabaki. Januari 2025 chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, heise, kikaripoti kwamba wanunuzi waliolipia diski mpya za Seagate, baadhi kupitia maduka yenye heshima, walikuwa wamepewa zilizokwisha fanya kazi maelfu mengi ya saa. Aliyeziuza alikuwa amefuta kumbukumbu za matumizi zikasomeka sifuri, na dalili nyingi zilielekeza kwenye mashamba ya Chia. Kama hili lilitokea Ujerumani, nchi yenye ulinzi mkali wa mlaji, sisi tufanyeje?

Tufanye hivi. Kila diski ina daftari lake la ndani liitwalo SMART. Kwenye Windows linasomwa kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Kwenye Linux kwa amri ya smartctl. Nenda dukani na kompyuta ndogo na kebo ya USB ya kuunganishia diski. Muuzaji mwaminifu atakupa kiti. Tazama mstari wa 9, saa za kazi: diski mpya isomeke sifuri au saa chache mno. Ukikuta 26,280, hiyo imefanya kazi miaka 3 mfululizo. Tazama mstari wa 5, sekta zilizohamishwa. Wa 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa. Na wa 198, zilizoshindikana kabisa. Zote tatu ziwe sifuri. Mstari wa 199 ukipanda, usiilaumu diski kwanza, badili kebo. Kwa Seagate kuna daftari la pili, FARM, ambalo ndilo lililofichua udanganyifu ule wa Ujerumani: saa za SMART zilifutwa, za FARM zikabaki. Matoleo ya karibuni ya smartctl hulisoma kwa amri ya smartctl -l farm. Madaftari mawili yakipishana, rudisha diski na udai fedha yako.

Kisha ingiza namba ya mfululizo ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa, uone kama waranti bado ipo na kwa nchi ipi. Diski nyingi huingia nchini kutoka Dubai, na waranti ya huko inaweza isitambulike hapa. Wala tusisahau kwamba waranti hukurudishia chuma. Video za harusi ya mwanao hazimo kwenye mkataba huo.

Je, SMART inatosha? Haitoshi. Mwaka uleule wa 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao. Baada ya diski kuonyesha kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya zile zisizo na kosa. Lakini zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa zilikufa bila dalili yoyote katika daftari, ukiacha joto. Kwa hiyo SMART ikilalamika, iamini na uiondoe diski wiki hiyohiyo. Ikinyamaza, usichukulie ukimya wake kuwa cheti cha uzima.

Diski mpya ifanyiwe kazi ngumu kabla ya kupewa kitu cha thamani. Endesha jaribio refu la SMART. Kwa terabaiti 8 huchukua zaidi ya nusu siku. Ukiweza, ijaze yote kwa programu ya badblocks na kuisoma tena, hata ikichukua siku kadhaa. Zenye kasoro ya kiwandani au zilizoangushwa njiani mara nyingi hujifichua katika majuma ya mwanzo, wakati muuzaji bado anakukumbuka na risiti bado ina wino.

Sasa nirudi kwenye joto na umeme, kama nilivyoahidi. Google walikuta kwamba joto la wastani haliui diski kama tulivyofundishwa; lililodhuru ni joto la juu, nyuzi 45 na kuendelea, hasa kwa diski zilizotimiza miaka 3. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari kina nyuzi 32 kabla hujawasha kitu. Weka diski 4 ndani ya boksi lisilo na feni, juu ya kabati la televisheni, na 45 si mbali. Feni ya milimita 120 inayozunguka polepole mbele ya diski ni fedha ndogo mno kwa kazi inayofanya. Kwa wa Tanga, Mombasa, Unguja na Bagamoyo, hewa ya chumvi nayo ni adui wa saketi iliyo wazi upande wa chini wa diski. Diski kubwa za siku hizi, nyingi za kuanzia terabaiti 12, zimejazwa gesi ya heliamu na kuzibwa kabisa, teknolojia iliyoingia sokoni mwaka 2013. Sahani zake hazipati unyevu, lakini saketi ya nje bado inaupata. Iweke seva mbali na dirisha la baharini, na juu ya sakafu.

Umeme ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote kwa mazingira yetu. Tunaukumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujawashwa Februari 2024. Umeme ukikatika ghafla, diski ya leo huvirudisha vichwa vyake mahali salama kwa nguvu ya mzunguko uliobaki, lakini faili iliyokuwa ikiandikwa huachwa nusu. Kisha umeme hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachounguza saketi. Nunua UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, yenye kebo ya USB, iunganishe na seva, na uipange seva ijizime yenyewe betri ikishuka. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu kati ya kupanda daraja la diski na kununua UPS, nunua UPS. Huo ni msimamo wangu na sijaona sababu ya kuubadili.

Kuhusu mpangilio wa diski nitapita haraka. RAID, iliyoelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hukuwezesha kuendelea na kazi diski moja ikifa. Kwa familia, diski 2 zinazoandikwa sawasawa zinatosha. Zinunue maduka mawili tofauti au kampuni mbili tofauti, ili kasoro ya toleo moja la kiwandani isizikute zote mbili mwezi mmoja. Lakini RAID haikuokoi mtoto akifuta folda, virusi vikifunga faili kwa kudai fidia, au mwizi akibeba boksi zima. Mpiga picha Peter Krogh alitoa kanuni iliyoenea kote: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Kwetu hiyo ya tatu ni ekstano kwa kaka aliyeko Morogoro, ikibadilishwa kila anapokuja mjini. Diski ya kuaminika kuliko zote duniani bila nakala hiyo ni ya kuazima tu.

Namalizia na ombi kwa mafundi wenzangu. Takwimu zote nilizozitaja zimetoka kwenye kumbi zenye baridi na umeme usioyumba. Hazituambii diski ipi inadumu kwenye chumba cha Temeke chenye nyuzi 33 na umeme unaokatika mara tatu kwa wiki. Ushahidi huo sisi tunaupitisha mikononi kila siku na kuutupa. Kila diski iliyokufa ikifika mezani kwako, kabla hujaiweka kando, andika mambo matano: namba kamili ya modeli, saa zake za kazi, joto la juu lililorekodiwa, kama ilikuwa na UPS au la, na ilikufa vipi. Jina la mteja usiliandike. Daftari la mistari kumi halina uzito, lakini mafundi mia moja wakiunganisha madaftari yao kwa miaka miwili, mteja atakapouliza anunue diski gani tutamjibu kwa diski zilizoishi na kufa hapa hapa kwetu. Karatasi ya kujiandikisha ipo pale mlangoni. Naomba kila fundi asitoke bila kuweka jina lake.